Dakika 10 za Kila Siku na Mtihani wa 11+

Mtihani wa 11+ hufanywa na watoto wa miaka 10 au 11 wanaotafuta nafasi katika shule za grama za England, yaani sekondari za serikali zinazochagua wanafunzi kwa uwezo wao darasani. Shule hizo zimebaki 163 katika England nzima, 32 kati yake zikiwa Kent na 13 Buckinghamshire. Mtihani hupima Kiingereza, hisabati, hoja za maneno na hoja za maumbo, na katika maeneo mengi hufanyika Septemba, mara mtoto anapoingia mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Familia nyingi huanza kujiandaa mwaka mzima kabla. Baadhi hulipia tuisheni. Nyingine, pamoja na nyingi za hizo hizo zinazolipa, hutumia zoezi fupi la nyumbani: karatasi moja ya maswali kumi na kitu, saa mezani, dakika 10, halafu kusahihisha. Chapa kama Bond na CGP zina mfululizo mzima wa vitabu vya majaribio ya dakika 10.

Muda huo mfupi unaweza kuonekana kama njia tu ya kumbembeleza mtoto asiyependa kukaa mezani. Kwa kiasi fulani ndivyo ulivyo. Lakini sababu yenye uzito zaidi imo katika namna mtihani wenyewe ulivyotengenezwa.

Kent hutumia karatasi mbili za kuchagua jibu sahihi, kila moja ikichukua kama saa moja. Ya kwanza ina Kiingereza na hisabati, dakika 25 kwa kila somo, na kila sehemu hutanguliwa na dakika 5 za maswali ya kuzoea ambayo hayahesabiwi. Ya pili ni ya hoja, na sehemu yake ya maumbo hukatwa vipande vifupi, kila kimoja na muda wake. Karatasi za hoja za maneno za kampuni ya GL Assessment, zilizotumika kama kielelezo kwa miaka mingi, zina maswali 80 ya kujibiwa kwa dakika 50. Hiyo ni sekunde 37 na nusu kwa swali, ikiwa ni pamoja na kusoma, kufikiri na kuweka alama kwenye karatasi ya majibu. Mtoto haombwi kushindana na fumbo moja kwa nusu saa. Anaombwa kutambua upesi aina ya swali lililo mbele yake, kukumbuka hatua zake, kuzifuata bila kuteleza na kusonga mbele. Dakika 10 za mazoezi ni kipande halisi cha kazi hiyo.

Maswali yenyewe si magumu kama yalivyo mageni. Chukua mfano wa fumbo la herufi, uliohamishiwa katika Kiswahili: ikiwa PAKA huandikwa QBLB, SAMAKI itaandikwaje? Mtoto anayeliona kwa mara ya kwanza hupoteza dakika nzima akitafuta maana ya QBLB. Aliyeliona mara tano huandika alfabeti pembeni, anasogeza kila herufi hatua moja mbele na kupata TBNBLJ. Au mfuatano wa namba 3, 4, 6, 9, 13: asiyezoea hutafuta namba moja inayojumlishwa kila mara na kukwama, na aliyezoea huandika tofauti kati ya jirani na jirani, akaona 1, 2, 3, 4, akajibu 18. Katika maumbo mbinu ni kukagua sifa moja baada ya nyingine: idadi ya pande, ukubwa, kivuli, mwelekeo, nafasi. Anayeangalia picha nzima kwa mkupuo huvutwa na sifa inayong'aa kuliko zote, na watunga mitihani hutega mtego wao hapo hapo.

Nguvu hii ya mazoea iligunduliwa zamani, ingawa si mwanzoni. Mwaka 1921 Godfrey Thomson, aliyekuwa akifundisha Newcastle, alitunga majaribio kwa ajili ya wilaya ya Northumberland, ambako shule nyingi za vijijini hazikuwa zikipeleka mtoto hata mmoja kugombea nafasi za bure za sekondari. Nia ilikuwa kuwafikia watoto werevu ambao mtihani wa kawaida wa masomo uliwapita. Baadaye, alipohamia chuo cha ualimu cha Moray House, Edinburgh, majaribio ya aina hiyo yalienea sana, na baada ya Sheria ya Elimu ya 1944 yakawa sehemu ya mchujo wa karibu kila mtoto England. Mwanzoni iliaminika kwamba akili inayopimwa hivyo haifundishiki. Katika miaka ya 1950 Philip Vernon na wenzake waliipima imani hiyo na kuona kwamba mazoezi na mafunzo ya muda mfupi yanapandisha alama, ila faida kubwa hupatikana katika saa chache za mwanzo, kisha ongezeko hupungua. Matokeo hayo yana pande mbili ambazo wazazi huzisikia nusu nusu. Mtoto asiyezoezwa kabisa anaingia na mzigo. Mtoto aliyezoezwa mara tatu ya mwenzake hapati mara tatu ya faida.

Kwa nini basi kila siku, wala si Jumamosi moja ndefu? Jibu linatoka katika utafiti wa kumbukumbu ulioanza na Hermann Ebbinghaus mwaka 1885, lakini ushahidi wa kupendeza zaidi ni wa watu wazima walioajiriwa na posta ya Uingereza. Alan Baddeley na Longman walichapisha mwaka 1978 matokeo ya wafanyakazi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Kikundi kimoja kilijifunza saa moja kwa siku, kingine saa nne kwa siku katika vipindi viwili. Cha saa moja kilihitaji jumla ya saa 35 hivi kuzijua herufi za kibodi, cha saa nne karibu 50. Bila shaka cha saa nne kilimaliza mapema kwa kuhesabu siku, kwa sababu kilirundika saa nyingi zaidi kila siku. Ila cha kushangaza ni kwamba waliokuwa wakijifunza vizuri zaidi ndio walioridhika kidogo zaidi na ratiba yao, kwani waliona wanakwenda polepole. Mzazi anayelalamika kwamba dakika 10 hazionyeshi matokeo yuko katika nafasi ile ile.

Hesabu ya kawaida inasaidia hapa. Dakika 10 kwa siku tano za juma, kwa majuma 40, ni dakika 2,000, yaani saa 33 na dakika 20. Tuisheni ya saa moja kila juma kwa muda huo huo ni saa 40. Jumla hazipishani sana. Kinachopishana ni mara ngapi mtoto anarudi kwenye kitu alichoanza kukisahau. Katika tuisheni anarudi mara 40, nyumbani mara 200.

Kurudi huko kuna nguvu zaidi kunapokuwa kwa kujibu badala ya kusoma tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walisoma mara ya pili, wengine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Juma moja baadaye walioandika walikumbuka asilimia 56, na wenzao 42. Kwa hiyo kumwelezea mtoto sehemu na asilimia kwa mara ya nne, akitikisa kichwa kwamba ameelewa, ni kazi inayoonekana nzuri jioni ile na kupotea kabla ya Jumapili.

Suala la kuchanganya maswali ni la kiufundi zaidi, na wazazi wengi hulikosea. Kitabu cha kawaida cha hisabati hupanga kurasa kwa mada: kurasa sita za sehemu, sita za uwiano, sita za pembe. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwapa wanafunzi wa chuo kanuni nne za ujazo wa maumbo. Waliofanya mazoezi kwa mada moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa 60. Juma moja baadaye mambo yaligeuka: waliochanganyiwa walipata 63, waliopangiwa kwa mada 20. Sababu ni kwamba mwanafunzi aliye katika ukurasa wa kumi wa uwiano hahitaji kujiuliza swali ni la aina gani, ukurasa umeshamwambia. Siku ya mtihani hakuna ukurasa wa kumwambia.

Karatasi nzuri ya dakika 10 basi huundwa kwa mchanganyiko uliopangwa. Katika maswali 12, manne au matano hutoka kwenye mada ya juma hilo, manne ni ya majuma mawili au matatu nyuma, na yaliyobaki huletwa kutoka mbali zaidi, hasa yale mtoto aliyokosa. Mada mpya haiingizwi kwenye karatasi yenye saa kabla haijafundishwa. Ifundishwe siku nyingine, polepole, bila kuhesabu dakika. Vitabu vilivyochapishwa huchanganya maswali, lakini haviwezi kujua ni yapi mtoto huyu aliyakosa Jumanne. Sehemu hiyo inabaki kwa mzazi na mkasi wake, au kwa mwalimu anayeandika maswali mwenyewe.

Kazi kubwa iko katika kusahihisha, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Chukua swali la treni: inatoka Ashford saa 14:47 na kufika London saa 15:25, safari imechukua dakika ngapi? Majibu ya kuchagua ni 22, 38, 48, 62 na 78. Mtoto anaweka alama kwenye 78. Mzazi mwenye haraka anakata, anaandika 38, na kumwambia awe makini. Lakini 78 haikuja kwa uzembe. Ndiyo tofauti kamili ya 1525 na 1447 kama zingekuwa namba za kawaida: mtoto ametoa saa kama anavyotoa shilingi, akasahau kwamba saa moja ina dakika 60, si 100. Jibu hilo limewekwa pale kwa makusudi, likimsubiri. Dawa yake ni kumfundisha kupanda hadi saa kamili, dakika 13 kufika 15:00, kisha 25, jumla 38, na kumpa swali jingine la saa kesho kutwa, likiwa limejificha kati ya maswali ya mambo mengine.

Kosa la aina nyingine lingekuwa 48. Hapo mtoto anajua njia ila amejumlisha vibaya. Asifundishwe upya, apewe mazoezi ya kujumlisha kichwani. Na kuna kosa la tatu, la kusoma swali nusu: swali linauliza safari ya kwenda na kurudi, mtoto anajibu ya kwenda tu. Huyo anahitaji tabia ya kupigia mstari neno linaloulizwa. Makosa yote matatu hupata alama sawa, sifuri, na ndiyo maana kuandika 9 kati ya 12 juu ya karatasi hakumwambii mtu chochote cha kufanya. Daftari dogo la makosa lenye safu tatu, swali, aina ya kosa na tarehe ya kulirudia, hufanya kazi kuliko chati ya nyota ukutani. Baada ya majuma machache mwelekeo huonekana: mtoto mmoja hukosa karibu kila mara kwa kusoma swali nusu na hana shida yoyote ya hisabati, mwingine kinyume chake. Kusahihisha hivyo huchukua dakika nyingine 10, wakati mwingine 15. Anayepanga dakika 10 tu kwa siku, ukweli ni kwamba amepanga nusu ya kazi.

Saa yenyewe huingizwa kwa hatua. Katika miezi ya mwanzo mtoto hujibu maswali yote na muda alioutumia huandikwa tu pembeni, bila kumkatisha. Usahihi ukishatulia, karatasi hupewa kikomo, na hapo kanuni ya kuruka huanza: swali lisilofunguka ndani ya nusu dakika huwekewa duara na kuachwa. Kanuni hii huwaumiza zaidi watoto hodari, waliozoea kutoacha kitu, na inahitaji siku nyingi kuizoea. Kwa kuwa jibu baya halikatwi alama, zile sekunde za mwisho hutumika kubahatisha yaliyobaki. Kwenye majibu matano kubahatisha kuna nafasi moja kati ya tano, na kuacha wazi hakuna nafasi yoyote.

Yapo mambo ambayo zoezi fupi haliyawezi. La kwanza ni msamiati. Maswali ya visawe na vinyume huhitaji maelfu ya maneno, na ufahamu mara nyingi huletwa na kifungu cha fasihi ya zamani ya watoto chenye lugha ambayo mtoto wa leo haisikii nyumbani wala runingani. Orodha ya maneno matano kwa siku husaidia kidogo. Kusoma vitabu kwa miaka kadhaa husaidia sana, na hakuna njia ya mkato. Kwa familia zinazozungumza lugha nyingine nyumbani, zikiwamo za Waswahili waliohamia London, Reading au Slough, hapa ndipo penye pengo, wala si katika hoja za maumbo ambazo hazina lugha. La pili ni tatizo refu la hisabati lenye hatua nne au tano, ambalo linahitaji jioni moja ya utulivu. La tatu ni msingi. Mtoto asiyezijua tebo hadi 12 mara 12 atateseka katika kila karatasi ya dakika 10, na tatizo litaonekana kana kwamba ni la kasi. Azijue tebo kwanza.

Majuma sita hadi nane ya mwisho mpangilio hubadilika. Karatasi kamili huingia, moja kwa juma, kwa sababu uvumilivu wa saa nzima ni ujuzi wa pekee ambao dakika 10 haziujengi. Karatasi ya majibu nayo huhitaji kuzoewa. Huwa peke yake, mbali na kijitabu cha maswali, na husomwa na mashine. Mtoto huchora mstari ndani ya kisanduku. Anayeruka swali la 14 na kusahau kuruka kisanduku cha 14 huweka majibu sahihi kwenye safu zisizo zake, hadi mwisho wa ukurasa. Tahadhari ni rahisi: kila baada ya maswali matano, kidole kwenye namba ya swali na kidole kwenye namba ya kisanduku. Buckinghamshire hupunguza ugeni huu kwa kuwapa watoto jaribio la mazoezi Jumanne na mtihani wenyewe Alhamisi.

Alama hutolewa zikiwa zimerekebishwa kwa umri, ili aliyezaliwa Agosti asishindanishwe sawasawa na aliyezaliwa Septemba ya mwaka uliotangulia. Wastani huwekwa karibu na 100, na Buckinghamshire kiwango cha kufuzu ni 121. Kwa sababu hiyo asilimia ya nyumbani haitafsiriki moja kwa moja kuwa alama ya mtihani, na kumwambia mtoto kwamba 80 ni kufaulu ni kumpa ahadi isiyo na msingi.

Biashara ya maandalizi imekuwa kubwa vya kutosha kuzitia wasiwasi mamlaka zenyewe. Mwaka 2013 Buckinghamshire ilibadilisha mtihani ikitumaini kupata usiozoezeka kwa urahisi. Tuisheni haikufa, na baadaye wilaya ikarudi kwa GL Assessment. Mwaka huo huo taasisi ya Sutton Trust ilionyesha kwamba chini ya asilimia 3 ya wanaoingia shule za grama walikuwa watoto wenye haki ya chakula cha bure shuleni, kipimo kinachotumika England kutambua familia zenye kipato kidogo. Zoezi la nyumbani halifuti tofauti hiyo, kwani linahitaji mtu mzima mwenye nafasi ya kukaa na kusahihisha jioni. Bei yake, hata hivyo, ni ya kitabu kimoja au ya karatasi na kalamu, na GL Assessment hutoa karatasi za mfano bure.

Tanzania ina mtihani unaofanana kidogo na 11+: usaili wa sekondari binafsi, unaofanywa na wahitimu wa darasa la saba, kwa kawaida ukiwa na hisabati na Kiingereza. Mbinu ya dakika 10 inahamishika, ila si nzima nzima. Kila shule hutunga usaili wake, hivyo hakuna aina zilizotulia za maswali ya kuzoea, na hoja za maumbo si lazima ziwepo. Uzito unarudi kwenye mtaala wenyewe. Aliyesoma shule ya Kiswahili hukutana na kitu ambacho mtoto wa Kent hakijui: hisabati aliyoifundishwa kwa Kiswahili akiulizwa kwa Kiingereza. Karatasi yake ya kila siku ianze na maswali mawili au matatu ya hesabu anazoziweza kabisa, yakiwa yameandikwa kwa Kiingereza, ili kinachozoezwa hapo kiwe lugha ya swali. Yaliyobaki yaandikwe kwa Kiswahili katika miezi ya mwanzo, kisha yahamishiwe Kiingereza mada moja baada ya nyingine, zikianza zile ambazo hazijaandikwa kwenye daftari la makosa kwa majuma matatu.